Taarifa ya Mwisho wa Muhula

Wanajumuiya wa chuo, salaam.
Naandika usiku. Umeme umerudi saa nne,
na mlima nao, baada ya siku kumi na moja za kujifunika,
umetoa kipaji cha uso juu ya paa la maktaba
kama mkaguzi aliyekuja bila barua.

Nianze na yale ambayo huanzwa nayo.
Wanafunzi elfu mbili mia nne na sita.
Waliofaulu, wengi. Walioahirisha, tazama jedwali la tatu.
Maabara ya udongo imepata mizani mpya,
imefungiwa, kwa kuwa ufunguo
Daktari Temba amesafiri nao hadi Mbeya.
Timu ya netiboli ilifungwa kule Arusha
hamsini na moja kwa thelathini,
ikarudi ikiimba toka Boma Ng'ombe hadi getini
hata walinzi wakadhani tumechukua kombe.
Sikuwasahihisha.

Kuhusu mfereji.
Mnajua ulitutangulia. Babu za watu wa bondeni
waliuchimba kabla ramani yetu haijachorwa,
nasi tukaumwagia zege mgongoni, tukaegesha magari.
Mwezi wa pili walikuja kina mama kumi na tisa,
na majembe, bila mabango.
Nilikuwa nimevaa suti. Nilikuwa na hotuba.
Bi Aikande akaniuliza, taratibu:
"Profesa, maji yanasomea nini huko kwenu
hata hayahitimu?"
Hotuba ikanikaukia mdomoni.

Jumamosi mbiu ya msaragambo ikalia.
Uhandisi mwaka wa pili wakashuka na sepetu,
wengine wakiishika kama kalamu.
Tukavunja zege. Maegesho sita ya wakubwa yamekwenda,
ya kwanza ni yangu.
Saa tisa alasiri maji yakapita,
machafu, yamebeba jani la mgomba
na kandambili moja ya buluu,
yakaenda zake bondeni bila cheti.

Kuhusu ada.
Mama mmoja wa Mamba Miamba, jina nalihifadhi,
alishuka na basi la alfajiri, na magunia mawili ya tangawizi.
Akayaegemeza chini ya dirisha la mhasibu:
"Hii ni ada ya mwanangu. Ile iliyobaki."
Ndugu Kiwelu, mtu mwema, akatafuta kwenye mfumo.
Benki ipo. Mkopo upo. Mfadhili yupo.
Kisanduku cha tangawizi hakipo.
Mama akaketi juu ya gunia
kuungoja mfumo ukue.

Akaketi hata jua likageuka upande wa pili wa jengo.
Ndipo mpishi wetu Ndeanasia akatoka na aproni yake,
akavunja kidole kimoja, akanusa,
akataja bei. Hakuitisha kamati.

Tangu juma la tisa chai ya bwalo inawasha koo.
Mmelalamika kwenye sanduku la maoni, na ni haki yenu.
Sasa mnajua mnakunywa nini.

Mkaguzi ananiuliza fedha ile iingie fungu gani.
Niliandika: mapato mengineyo. Akarudisha, wino mwekundu.
Niliandika: utafiti. Akarudisha.

Sijasema kwamba bumu lilichelewa wiki sita,
na kwamba nilijua nani ana njaa
kwa jinsi maktaba ilivyojaa saa ya chakula.
Hilo siliiti mafanikio. Naliandika tu
lisije likadhaniwa halikuonekana.

Likizo njema. Rudisheni vitabu.
Daktari Temba, rudisha ufunguo.
Mimi bado niko ofisini, kikombe mkononi, koo linawaka.
Nje, maji yanapita gizani
pale lilipokuwa likilala gari langu,
na fomu ya mkaguzi iko mezani,
kisanduku kimoja wazi.